Mchanga Nisiouonja

Ulimi wangu umeonja mchanga mwingi kuliko kuku yeyote wa Mji wa Kale, na sioni haya kulisema hilo. Mimi ni mwashi, mtoto wa mwashi. Zamani zetu mchanga ukiletwa kazini haukuguswa mpaka mkuu wa kazi achote kidogo kwa ncha za vidole, atie ulimini, angoje, kisha ateme. Ukiwa na chumvi unarudi ulikotoka. Baba yangu, ambaye hakuweza kusoma hata ramani ya nyumba, aliweza kukwambia kama mchanga umechotwa juu ya mto au karibu na bahari. Alinifundisha hivyo kabla hajaniruhusu kushika mwiko. Kuna mchanga mmoja tu katika maisha yangu ambao sikuuonja, na huo ndio ninaotaka kuueleza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arubaini. Vita vya pili vilikwisha lakini saruji ilikuwa bado inapatikana kwa tabu. Kule mtaa wa Kuze palikuwa na nyumba kubwa ya mawe ambayo wenyewe, Waarabu wa tangu na tangu, waliiacha wakfu. Wazee na wafanyabiashara wa mji wakakubaliana igeuzwe chuo cha elimu ya juu, vijana wetu wasome hapa hapa kisiwani, pasiwe na haja ya kuvuka bahari. Mji mzima uliingojea nyumba ile. Nilikuwa nikipita njiani watu hunisimamisha na kuniuliza kazi imefika wapi, hata kabla hawajaniuliza hali ya mama yangu.

Nyumba ilikuwa kubwa, lakini kubwa ya kizamani, yaani vyumba virefu na vyembamba. Sakafu ya ghorofa hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko hauzidi urefu wake. Kwa hiyo aliyeamua upana wa chumba hakuwa mwenye nyumba, ulikuwa mti. Sasa chuo kilitaka ukumbi wa kukaa wanafunzi wengi mbele ya mwalimu mmoja, na juu yake maktaba. Injinia, Mzungu mrefu aliyekuja mara moja kwa wiki, alichora ramani ambayo ukuta wa katikati umeondolewa kabisa, vyumba viwili vimekuwa kimoja, na mahali pa ukuta pamepita boriti moja kubwa ya zege, ndani yake nondo za chuma.

Nilipoiona ramani nilicheka, kisha nikakasirika. Ukuta ule ulikuwa na unene wa mkono mzima na ulikuwa umesimama tangu enzi za babu zetu, na huyu anataka kuutoa kama mtu anayetoa kiti sebuleni. Nilimwambia hivyo hivyo. Injinia hakukasirika. Alichukua ufito akauinamisha mbele yangu, akanionyesha kuwa upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa. Zege huweza kubanwa lakini haliwezi kuvutwa, akasema, ndiyo maana chuma hulala chini. Nikaelewa. Nilimpenda kwa hilo, na tangu siku ile nikawa naiwaza boriti ile kama mali yangu.

Kontrakta wetu alikuwa Mhindi Mwislamu, mzaliwa wa mji, ambaye baba yake aliuza misumari na rangi. Yeye mwenyewe hakuwa fundi, na hakujifanya. Alinipa usimamizi wa kazi nzima juu ya watu walionizidi umri, kwa sababu alimjua baba yangu. Mchanga ukiletwa alikuwa akisimama mlangoni na kuniuliza neno moja, "Fundi, umeuonja?" Nami nikimjibu, "Nimeuonja, Bwana," aligeuka akaenda zake. Hapakuwa na karatasi wala saini. Neno langu lilitosha, na nilijivuna kwa hilo kuliko kwa mshahara.

Tuliishikilia ghorofa ya juu kwa magogo, tukauvunja ukuta jiwe baada ya jiwe, tukapiga mbao za kumiminia zege, tukafunga nondo. Hayo yote yalimalizika Ramadhani imeingia kumi la mwisho. Ikabaki mchanga. Mchanga wetu ulitoka bara, juu ya mto, na mvua ilikuwa imeiharibu njia. Tulingoja siku nne. Siku ya tano lori likaja adhuhuri, likamwaga mzigo wake uchochoroni karibu na mlango.

Ulikuwa mchanga mzuri kwa macho. Rangi yake ya udongo, punje zake kali, si ule mweupe wa pwani ambao hata mtoto angeujua. Nilichota konzi moja nikaifinya, nikainusa, nikaufungua mkono na kuitazama juani. Midomo yangu ilikuwa mikavu, koo limenikauka. Nikaupeleka mkono karibu na kinywa, kisha nikaushusha.

Nilikuwa nimefunga. Niliogopa punje moja isiniteleze kooni na siku za kumi la mwisho ndizo hizo. Nimeshazeeka sasa, haya nyingine zimeniisha, kwa hiyo niseme yote. Sikumwogopa Mungu peke yake. Watu wangu walikuwa wamekaa kivulini wananitazama, na sikutaka kuonekana msimamizi ametia kitu kinywani mchana wa Ramadhani. Nikajiambia nitarudi jioni baada ya kufuturu niuonje kwa raha zangu. Jioni nikafuturu, nikaenda tarawehe, nikarudi nikalala. Daku nilikula nusu nimesinzia. Mchanga haukunijia akilini hata mara moja.

Asubuhi nilipofika niliwakuta watu wameshaanza kuchanganya, maana boriti kama ile humiminwa kwa siku moja bila kukatika. Kontrakta akatokea mlangoni.

"Fundi, umeuonja?"

Chepe zilikuwa zikienda, makarai yakipandishwa juu. Nikisema sikuuonja, kazi yote ingesimama na ningelazimika kuuonja pale mbele za watu. Nikasema, "Nimeuonja, Bwana." Akageuka akaenda zake.

Tulimimina mpaka karibu na alasiri. Kazi ilitoka safi, na watu walikuwa na kiu lakini hawakunung'unika. Injinia alijaza zege kidogo katika visanduku vitatu vya chuma, akavichukua akavipime nguvu. Mimi niliifunika boriti kwa magunia, na kila siku nikawa naenda kuyamwagia maji, hata sikukuu.

Siku ya tatu ya Idi nilifika na ndoo yangu, nimevaa kanzu mpya, nikakuta mbuzi wanne uchochoroni. Mbuzi wa mtaani kwetu hutembea wapendavyo, wala sikuwashangaa. Nilishangaa walichokuwa wakifanya. Walikuwa wameuzunguka mchanga uliobaki, wameinamisha vichwa, wanauramba. Niliiweka ndoo chini. Mbuzi hawafungi, na wala hawaoni haya mbele za watu. Niliwafukuza, nikachutama na kanzu yangu mpya, nikatia mchanga ulimini.

Chumvi tupu. Ulikuwa umechotwa karibu na mlango wa mto, pale maji ya bahari yanapopanda yakichanganyika na ya mto. Rangi huko haibadiliki. Ladha ndiyo hubadilika.

Anayesoma haya pengine atauliza kuna nini hapo, chumvi ni chumvi tu. Chumvi haiudhuru mchanganyiko wa zege siku hizo za kwanza, na ubaya wake ndio huo. Zege litakauka, litakuwa gumu, litabeba. Chumvi inakula chuma kilichomo ndani, polepole, na chuma kikishika kutu huvimba, kikivimba hulipasua zege. Nimeliona hilo kwenye dirisha la ghala moja karibu na bandari. Vyuma vilitiwa kwa mchanga wa pwani, na baada ya miaka vikapasua jiwe lenyewe. Dirisha likipasuka hupasuka peke yake. Boriti yangu juu yake ingekuwa na ghorofa, na juu ya ghorofa vitabu, na chini yake vijana wa watu wamekaa wanaandika.

Siku zile zilizofuata sikuwa mtu wa kukaa naye. Kilichonitesa zaidi ni kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Vipande vya zege vilipimwa vikapita. Kontrakta aliniletea karatasi ya majibu akanionyesha, ingawa ilikuwa Kiingereza na alijua siwezi kuisoma, na injinia alinishika mkono mbele ya watu wote. Nikatabasamu kama mwehu. Tukapangiwa siku: Jumamosi magogo yangeondolewa, ghorofa ikae juu ya boriti, na ikishakaa basi, maji yakimwagika hayazoleki. Kuivunja baada ya hapo kungekuwa kuivunja nyumba.

Nikawa nahesabu usiku na mchana. Miaka kumi, pengine ishirini, kutu haitaonekana. Kontrakta atakuwa mzee, injinia atakuwa amerudi kwao, mimi huenda nimo kaburini. Nani atakumbuka mchanga wa lori moja? Halafu nahesabu upande wa pili: nikisema, nitakuwa mtu aliyedanganya, na aliyedanganya katika Ramadhani, na baba yangu yu hai amekaa barazani akitajwa kila siku kwa ulimi wake usiokosea. Mke wangu aliniuliza mbona sili wala sisemi. Nilimkaripia. Aliondoa sahani, na nikajiona duni kuliko nilivyokuwa kabla ya kumkaripia.

Jumatano, baada ya alasiri, nilikwenda kwa mjomba wangu, aliyekuwa akisomesha madrasa Kuze hatua chache kutoka kwenye nyumba ile. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda zao. Nilimwamkia nikambusu mkono, nikakaa mkekani, nikaanza kulizunguka jambo lenyewe.

"Mjomba, mtu aliyefunga akionja kitu kwa sababu ya kazi yake, saumu yake inakuwaje?"

"Akionda akatema, na pana haja, saumu yake haikuharibika," akasema kwa Kimvita chake cha wazee, ambamo kuonja ni kuonda. "Mpishi huonda mtuzi akatema. Mkeo hakukwambia? Wanawake wote wa mui huu wayuwa."

Nilihisi uso unaniwaka moto. Miaka yote ile mke wangu alikuwa akionja mchuzi wa futari mbele yangu na kuutema, na mimi sikuwahi kuuliza.

"Kwani kuna nini?" akaniuliza. Nikamweleza yote, tangu lori mpaka mbuzi. Alinisikiliza akiwa ameuinamia mkeka, anaung'oa uzi uliofumuka. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Na ulipoulizwa, ulimjibuye?"

"Nilimwambia nimeuonja."

"Nawe umefunga."

"Nami nimefunga, mjomba."

"Basi ulimi wako uliukinga na mtanga," akasema, "hukuukinga na urongo."

Nililia. Sikulia hivyo hata siku ya kumzika mama mkubwa aliyesaidia kunilea. Mjomba hakunibembeleza. Aliniambia yeye hana la kunisamehe kwa sababu si yeye niliyemdanganya, na kama nataka kusamehewa niende kwa mwenye kazi kabla ya Jumamosi. Kisha akaamka kutia udhu, maana magharibi ilikuwa imekaribia.

Alhamisi asubuhi nilimkuta kontrakta ofisini kwake, nyuma ya duka la baba yake. Alinikaribisha chai. Nikasema sitakunywa, na nikasema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitamaliza. Nilipofika mwisho aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Hukuonja," akasema.

"Sikuonja, Bwana."

"Na uliniambia umeonja."

"Nilikwambia."

Nilimtazamia ukali. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Badala yake akaichukua ile karatasi ya majibu akaitazama muda mrefu. "Hapa wameandika ni nzuri," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidiwa.

"Hawakuulizwa habari ya chumvi, Bwana."

"Ungenyamaza, ningejua lini?"

"Wewe pengine usingejua. Mwanao angejua."

Akaiweka karatasi chini. Tukaenda kazini pamoja, tukipita vichochoroni, na watu wakitusalimu akawa anaitikia yeye peke yake. Alipofika kwenye mabaki ya mchanga aliinama, akachota, akatia kinywani. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Alitema, akajifuta mdomo kwa leso, akanitazama mara moja tu. Injinia alipokuja aliambiwa kwa Kiingereza. Nilidhani atanicheka, mwashi anayepima kwa ulimi. Hakucheka. Aliuliza mambo mawili matatu, akaichukua kalamu, akapiga mstari mrefu juu ya boriti kwenye ramani yake.

Jumamosi iliyokuwa siku ya kutoa magogo ikawa siku ya kuvunja. Tulivunja siku nne kwa nyundo na patasi, ghorofa ikiwa juu ya vichwa vyetu kwenye magogo yale yale. Kwa kawaida watu wangu huimba wakipiga nyundo. Siku hizo hawakuimba. Nililijua kila karai lililopanda pale, na zege lake nililipiga mwenyewe mpaka viganja vikatoka damu. Nondo zilipoanza kuonekana niliona madoa ya kahawia hapa na pale, na mpaka leo sijui kama yalikuwapo tangu mwanzo au ni chumvi iliyokuwa imeanza kazi.

Siku ya pili ya kuvunja, mzee mmoja katika waashi, aliyekuwa rafiki wa baba yangu, alikaa karibu nami kupumzika. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana maneno yake yamenikaa.

"Siku ile ya lori nalikuwa na homa," akaniambia. "Sikufunga. Nami nalikaa pale pale kivulini. Ungaliniambia nikuondee, baba."

Mimi nilikuwa nimeshughulika na kutazamwa, hata sikumtazama mtu.

Baba yangu alipata habari kabla sijafika nyumbani kumwambia. Mji wetu ni mdogo. Alikuwa barazani kama kawaida, na aliniuliza kama boriti yote imekwisha vunjwa au kuna kipande kilichobaki. Nikamwambia kimebaki kipande cha upande wa kibla. Akasema kivunjwe vizuri kwenye maungio, huko ndiko mafundi wavivu huacha. Hakuniambia zaidi ya hayo, siku ile wala nyingine yoyote, mpaka alipofariki. Kuna nyakati nilitamani angenitukana.

Mchanga mwingine ulifika mwezi wa Mfunguo Mosi, unaofuata Ramadhani, ulipokuwa ukielekea ukingoni. Nilikuwa nimefunga tena, zile siku sita za sunna, na nilizifunga mwaka ule kwa uchungu ambao sikuujua Ramadhani. Lori lilimwaga pale pale uchochoroni, saa sita mchana, watu wangu wamekaa kivulini pale pale. Nilimngoja kontrakta atokee mlangoni aniulize. Alitokea, lakini hakusimama mlangoni. Alikuja mpaka kwenye mchanga, akasimama mbele yangu, mikono nyuma. Hakuuliza kitu.

Nikachota, nikatia ulimini mbele za watu wote, nikangoja, nikatema. Nikasukutua, nikatema tena.

"Hauna chumvi, Bwana."

Akatazama mahali nilipotema, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Boriti ile ya pili ilimiminwa kesho yake, kwa nondo mpya, na ukumbi ukafunguliwa ukiwa umechelewa. Vijana wamesoma chini yake kwa miaka mingi. Nimeingia mara kadhaa kuikagua na sijaona ufa. Kontrakta hakunifukuza, ingawa niliomba kuondoka. Aliniacha katika usimamizi wangu, akanipa kazi nyingine baada ya ile, na nyingine, mpaka nywele zetu zikaota mvi pamoja. Tulialikana harusi, tulizikiana wazazi. Lakini miaka yote hiyo hakuniuliza tena kama nimeonja. Kila mchanga ulipoletwa aliacha alichokuwa akifanya, hata akiwa mgonjwa, akaja kusimama mbele yangu, mikono nyuma, akanitazama mpaka nimetema.